Wifi ametuma hela ya mashine ya mvuke, mimi naona ukuta umeota fangasi

Dada mshauri,

Shikamoo, na pole na majukumu. Naomba jina langu lisitajwe, maana ndugu wa mume wangu wanasoma safu hii.

Tunaishi Mabatini hapa Mwanza, nyumba ya kupanga, juu kwenye mawe. Tuna vyumba viwili na sebule. Chumba cha nyuma kina futi 10 kwa 12, dirisha moja, na ukuta wake wa nyuma umebanana na mwamba kiasi kwamba katikati hapapiti hata ndoo. Humo wanalala watoto wangu watatu, na tangu mwisho wa Mei wanalala na bibi yao, mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Magu kwa matibabu ya macho. Dirisha tunalifunga jioni kwa sababu ya mbu na vibaka.

Mwanangu wa mwisho ana miaka minne. Tangu Juni anakohoa usiku, zaidi ikikaribia alfajiri. Midomo inampasuka, na ametoka damu puani mara mbili. Zahanati walisema mafua, tukapewa dawa ya maji. Imekwisha, kikohozi kipo.

Wifi yangu anaishi Winnipeg, Kanada. Alimsikia mtoto akikohoa kwenye simu akasema tatizo ni hewa kavu, kwamba hata mwanawe ilikuwa hivyo hivyo kila majira ya baridi mpaka aliponunua mashine ya kuongeza unyevu chumbani. Akatuma shilingi 250,000 tununue. Mume wangu alifurahi sana.

Lakini dada, mimi ndiye ninayefagia kile chumba. Tangu masika, nyuma ya kabati ukuta una madoa meusi ya fangasi. Chini karibu na sakafu plasta inabanduka na kutoa unga mweupe. Nguo zinanuka uvundo, na viatu vya shule vilivyokaa chini ya kitanda viliota ukungu. Nikamwambia mume wangu hela hii afadhali itengeneze njia ya maji kule nyuma na kuongeza dirisha. Akasema ukuta ni wa mwenye nyumba, na hela ya dada yake imekuja na kazi yake. Mwenye nyumba naye anasema tukitaka kurekebisha turekebishe kwa hela zetu.

Mama mkwe anasema ni baridi ya kiangazi tu. Kila usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani, juu yake sufuria ya maji na majani ya mkaratusi, mlango anafunga mpaka mkaa uzimike. Mtoto hutulia kwanza, kisha alfajiri kikohozi kinarudi.

Wifi ananiuliza kila siku, "Mmeshanunua?" Juzi nilimdanganya kwamba dukani zimekwisha. Nikinunua mashine naogopa nitamuumiza mwanangu. Nisiponunua naonekana sina shukrani. Nifanye nini?

Mama wa Mabatini

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kukesha na mtoto anayekohoa huku kila mtu ndani ya nyumba ana jibu lake tayari ni mzigo mzito, na wewe umeubeba kwa adabu.

Kama nimekuelewa, kuna watu wanne wanaompenda mtoto mmoja, na kila mmoja ameona kitu kimoja. Wifi ameona hewa kavu, bibi ameona baridi, mumeo ameona heshima ya dada yake, wewe umeona ukuta. Ugumu uliopo ni kwamba dawa ya hewa kavu na dawa ya unyevu zinapingana: moja inaongeza maji hewani, nyingine inayatoa. Ukikosea upande, fedha itapotea na mtoto atazidi kuumwa. Kwa hiyo kabla ya kupima nani ana haki, kipimeni chumba.

Lakini kuna jambo moja lisilosubiri kipimo, nalo ni jiko la mkaa. Naomba lisilale tena chumbani, kuanzia leo. Mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Katika chumba cha ukubwa huo, mlango na dirisha vimefungwa, inaweza kuwaua waliolala bila mtu kuamka. Kuufunika kwa majivu hakusaidii. Ukisikia mmoja wao anaamka na kichwa kinauma au kichefuchefu, toeni watu wote nje palepale na muende hospitali. Juu ya hayo kuna hatari ya sufuria ya maji yanayochemka, kando ya mtoto wa miaka minne anayeamka gizani. Mama hakukosea nia. Anamtafutia mjukuu nafuu, na ule mvuke wa mwanzo kweli huwa unaituliza koo. Ila anayefaa kumwambia ni mwanawe, si wewe mkwe, na amwambie akiwa na blanketi la ziada mkononi, ili baridi anayoilalamikia mama ipate jibu.

Sasa nikuulize, kwa upole. Umeandika kwamba mama alikuja mwisho wa Mei na kikohozi kikaanza Juni. Jiko la chumbani lilianza lini? Likiwa limeanza kabla ya kikohozi, au kikohozi kimezidi tangu lianze, basi huenda ukuta unaoushutumu si mkosaji wa kwanza. Pia umesema madoa yapo tangu masika. Aprili, wakati ukuta umeloa zaidi, mtoto alikuwa anakohoa? Sisemi ukuta hauna hatia. Kuvu huwasumbua sana watoto wenye pumu au mzio. Nasema na wewe pia umeshika jibu moja, kama wifi alivyoshika lake.

Na wifi, kwa kule aliko, yuko sahihi kabisa. Hewa ya baridi haibebi maji mengi. Nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, kila mita moja ya ujazo ya hewa hubeba kama gramu moja tu ya maji. Hewa hiyo ikiingia ndani ikapashwa joto hadi nyuzi 21, ambapo ingeweza kubeba gramu 18, inakuwa kavu mno: ngozi inapasuka, pua inatoka damu, koo linawasha. Mashine pale ni msaada wa kweli. Mwanza hata usiku wa Julai, nje kukiwa nyuzi 16, hewa inaweza kubeba gramu 13 hivi, na sisi hatupashi nyumba joto. Hata hivyo mchana wa kiangazi, jua likishapasha, unyevu wa nje hushuka na vumbi huwa jingi. Kwa hiyo midomo iliyopasuka na damu ya puani visipuuzwe. Vinaweza kuwa vya ukavu wa mchana, wakati kikohozi cha alfajiri ni cha jambo jingine. Chumba kimoja kinaweza kuwa kikavu saa nane mchana na kimejaa unyevu saa kumi na moja alfajiri.

Tafuta kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kinachoonyesha kwa asilimia hewa imebeba kiasi gani cha maji inayoweza kubeba. Wanaouza vifaa vya mashine za kutotolesha vifaranga huwa navyo, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ile mashine. Vya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kihakiki kwanza: weka kijiko cha chai cha chumvi kwenye kifuniko kidogo, tia matone ya maji mpaka iwe kama mchanga mbichi bila kuyeyuka, kisha ifungie chumvi hiyo pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki angavu lenye mfuniko unaobana. Baada ya muda wa saa nane hadi kumi na mbili kinatakiwa kisome asilimia 75. Kikisoma 70, jua kila mara unaongeza tano. Kosa la kawaida ni kuweka maji mengi, chumvi yote ikayeyuka, na namba inapanda zaidi ya inavyopaswa.

Kisha kiweke karibu na kitanda, mita moja hivi kutoka sakafuni, mbali na dirisha na mbali na ule ukuta. Soma saa 12 asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, saa 8 mchana, na saa 3 usiku. Andika kwenye daftari, na pembeni andika mtoto alikohoa saa ngapi. Siku kumi zinatosha. Asilimia 40 hadi 60 ni pazuri. Ikishuka chini ya 35 na kubaki huko, wifi ana hoja. Ikiwa asubuhi unakuta 70 au 80, ile mashine itakuwa kama kumwagilia shamba lililofurika.

Kwa ukuta, fanya jaribio la nailoni. Kata vipande viwili, kila kimoja sentimita 40 kwa 40. Kwangua kwanza ule unga wa plasta, la sivyo gundi haitashika na jaribio litaharibika. Bandika kimoja nyuma ya kabati, karibu sentimita 30 kutoka sakafuni, na kingine kwenye ukuta wa upande mwingine, pande zote nne kwa selotepu pana. Acha siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, yanatoka kwenye hewa ya chumba. Na ule unga mweupe, udondoshee maji kidogo: ukiyeyuka ni chumvi iliyosukumwa na maji yanayopita kwenye tofali, wala si kuvu. Unga wa namna hiyo chini karibu na sakafu, kwenye nyumba iliyoegemea mwamba, unanifanya niamini kwamba maji ya mlimani yanaingia. Lakini jaribio liseme lenyewe.

Kuna kitu kingine nyuma ya kabati. Chukulia chumba kina nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 65, namba ambazo hazimtishi mtu. Ukuta ulioegemea mwamba uko nyuzi 19. Hewa inayougusa inapoa, na unyevu wake pale unafika karibu asilimia 88. Kuvu huota pale unyevu wa uso wa ukuta unapokaa juu ya 80 kwa muda mrefu, hata bila tone moja kuonekana. Waliolala wanne, kwa pumzi na ngozi, hutoa karibu lita moja ya maji kwa usiku. Sufuria ya bibi ikipungua lita moja, hiyo nayo imeingia hewani. Nguo zikianikwa ndani, ongeza lita nyingine mbili tatu.

Sasa twende kwenye njia ulizonazo.

Ya kwanza ni kununua mashine ili amani irudi. Chumba chako kina kama mita za ujazo 30. Kuongeza unyevu kwa asilimia kumi kunahitaji takriban gramu 65 tu za maji, chini ya theluthi ya kikombe cha chai. Mashine nyingi za chumbani hutoa mililita 200 hadi 300 kwa saa. Katika chumba kilichofungwa, saa moja tu inaweza kukipeleka kutoka 55 hadi juu ya 90, na ziada itaishia kwenye ukuta na magodoro. Mkiamua kuinunua, iwe yenye kujizima yenyewe ikifika namba mliyoweka, na isipitishe 50. Tangi lake linaoshwa kila siku na kuachwa likauke, kwa sababu maji yaliyolala humo huota vijidudu na mashine huvirusha hewani. Usitie dawa yoyote ya kuua vijidudu kwenye maji yake. Korea Kusini mwaka 2011 iligundulika kwamba dawa zilizouzwa kwa ajili ya matangi hayo zilikuwa zimewaharibu watu mapafu, na wengi walikufa, wakiwemo watoto.

Ya pili ni kutumia fedha kwa ukuta kimyakimya. Kazi yenyewe ni ya maana, ila kimya kitakugharimu. Wifi ataomba picha ya mashine, na mumeo atakuwa amebanwa kati yenu. Ule uongo wa juzi ni mdogo. Ukikaa mwezi unakuwa mkubwa.

Ya tatu ni kupunguza unyevu kwa gharama ndogo kwanza, fedha ikisubiri. Sogeza kabati sentimita kumi kutoka ukutani na uliinue kwenye matofali. Viatu vitoke chini ya kitanda. Nguo zianikwe nje. Fungua dirisha na mlango kwa pamoja, dakika 20 hivi, kati ya saa 8 na saa 10 mchana hewa ya nje inapokuwa kavu zaidi. Dirisha likiwa peke yake hewa haipiti. Weka wavu imara wa mbu, kisha mlango wa chumba uachwe wazi kuelekea sebuleni usiku. Madoa yasafishe kwa brashi na maji ya sabuni, umefunga pua na mdomo, watoto wakiwa nje, kisha ukuta ukaushwe siku hiyohiyo. Ukitumia jiki, kamwe usiichanganye na dawa ya choo wala dawa nyingine yoyote. Usipake rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi: hufunga maji ndani, na baada ya miezi michache huvimba na kubanduka pamoja na plasta.

Na kama mchana ni pakavu kweli, taulo moja iliyolowa na kukamuliwa, ikitundikwa mbali na ule ukuta, inatosha. Pigeni deki badala ya kufagia, vumbi lisipae. Puani mtoto apakwe mafuta ya mgando kidogo sana, au matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa. Akitoka damu, ainamishe kichwa mbele, umbane sehemu laini ya pua dakika kumi bila kuachia.

Ya nne ni matengenezo, na huu ndio msimu wake, kabla mvua za vuli hazijaanza. Kama hapapiti ndoo kati ya ukuta na mwamba, mtaro hauchimbiki pale. Fundi atengeneze tuta la saruji juu ya jiwe, kimo cha sentimita 15, limelazwa kwa mshazari ili maji yageukie pembeni kabla hayajafika kwenye ule upenyo. Paa lipate gata yenye mteremko wa nusu sentimita kwa kila mita. Udongo na takataka zilizojaa kwenye upenyo zivutwe kwa nondo iliyokunjwa, kwa sababu ndizo zinazoshika maji yakaegemea tofali. Plasta iliyooza ibanduliwe, na tofali liachwe wiki kadhaa likauke. Wengi hupiga plasta mpya kesho yake, na masika yanayofuata unga unarudi. Mwenye nyumba akikataa kulipa, huenda akakubali mkate gharama kwenye kodi. Liandikwe, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, pamoja na muda ambao kodi haitapanda, maana nyumba iliyotengenezwa na mpangaji huweza kupangishwa kesho kwa mwingine anayelipa zaidi.

Haya yote hayachukui nafasi ya daktari. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinahitaji uchunguzi, ikiwemo wa kifua kikuu, na kinachokuja alfajiri kinahitaji mtu wa kuuliza habari za pumu. Hospitali ya Sekou Toure wanaweza kuwaona, au Bugando mkipewa rufaa. Nenda na daftari lako, umweleze daktari kuhusu jiko na ukuta bila kuficha. Ukiona mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, anashindwa kuzungumza, au midomo inageuka bluu, usingoje asubuhi.

Kuhusu wifi, naona mazungumzo ni rahisi kuliko unavyohofu, kwa sababu ninyi wawili mnataka kitu kimoja. Unaweza kumwandikia hivi: "Wifi, asante sana kwa kumjali mtoto. Nilikwambia mashine zimekwisha, nisamehe, nilishindwa kukueleza. Chumba chetu kina ukuta mbichi, naogopa mvuke utazidisha. Tumenunua kipimo, tunaandika namba kila siku, nitakutumia picha ya daftari. Zikionyesha pakavu tutanunua mashine uliyosema. Zikionyesha unyevu, tuzungumze wewe, kaka yako na mimi hiyo fedha ifanye nini." Msomee mumeo ujumbe huo kabla hujautuma, na usomaji wa saa 3 usiku mwachie yeye. Namba atakayoiandika kwa mkono wake haitakuwa tena maneno ya mke dhidi ya dada. Zile 250,000, ukitoa bei ya kipimo na nauli ya hospitali, azishike yeye mpaka siku kumi zitimie.